Kulinda rangi ya gari dhidi ya wadudu, safari ya Dar hadi Mbeya

Mvua za kwanza zikianza tu, naletewa magari yaliyokesha barabarani, bampa na boneti zimetapakaa kumbikumbi waliokauka. Majimaji ya mdudu yana tindikali. Jua likiyachoma juu ya bati, yanashika na kuanza kula klia, ule utando wa juu unaong'arisha rangi.

Hatua ya 1: Jioni kabla ya safari
Osha gari, likauke kabisa, kisha lipake nta ya magari kwenye boneti, bampa ya mbele, saiti mira na nguzo za kioo cha mbele. Fanyia kivulini, bati likiwa limepoa. Paka nyembamba, ukipaka nene unajiongezea kazi ya kufuta tu. Ikishafanya ukungu, pitisha kidole: kikiacha njia safi, futa. Nyunyizia maji. Yakisimama matone matone, nta imeshika.

Wapo wanaopaka mafuta ya kupikia. Wadudu watateleza, sawa, lakini vumbi la michepuko litanata, na ukija kufuta unasugua rangi kwa mchanga.

Hatua ya 2: Vya kubeba
Chupa ya maji yenye matone machache ya shampuu ya gari, na taulo mbili za maikrofaiba. Ziwe karibu, si chini ya mizigo.

Hatua ya 3: Njiani
Hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi. Ukisimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, lowesha taulo, ilaze juu ya madoa, nenda kwenye vitunguu vyako. Baada ya dakika 5 hadi 10 inyanyue taratibu kuanzia pembeni. Mabawa na miguu vitakuja nayo. Kilichobaki kiloweshe tena. Usisugue, maana magamba ya mdudu yanachora. Boneti ikiwa bado ya moto, anza na bampa.

Mimi mwenyewe niliwahi kurudi kutoka Iringa nikaliacha gari siku tatu bila kuliosha, eti nimechoka. Nilisaga rangi nusu siku nzima kwa polishi. Karibu na taa ya kushoto bado kuna alama yenye umbo la bawa.

Kumbikumbi wakizidi, simama kidogo, hawakai sana. Na usiwashe waipa kavu, utapaka uji kioo kizima.

Hatua ya 4: Ukifika
Osha siku hiyo hiyo. Kwa vijana wa kuosha magari, sema mapema kabla hawajalowesha: hakuna stilwaya, hakuna sabuni ya unga, kwani sabuni hiyo inaondoa nta uliyoipaka. Injini ikishapoa, chungulia ndani ya shoo, ile grili ya mbele. Rejeta ikiwa imeziba kwa mabawa, yatoe kwa maji ya mpira wa kawaida. Presha ya mashine inapinda mapezi ya rejeta, vile vibati vyembamba, na hapo utaanza kumtafuta fundi mwingine, siyo mimi.