Jinsi ya Kuchora Vita vya Cannae katika Riwaya ya Picha

Hannibal, jemadari wa Karthago, aliwashinda Warumi pale Cannae, kusini mwa Italia, tarehe 2 Agosti 216 KK, kwa jinsi alivyopanga vikosi vyake. Msomaji asipouona mpango huo kwa macho, kurasa zote zitakuwa panga na damu tu. Kwa hiyo anza na ramani. Uso wa shujaa baadaye.

Kwenye karatasi ya A3, weka Karthago kushoto wakitazama kulia, Roma kulia wakitazama kushoto, na usibadilishe pande hizo katika fremu yoyote ya mapigano. Karthago walielekea kaskazini, mto Aufidus ukiwa kushoto kwao, hivyo mto utakaa juu ya ramani. Kando ya mto chora wapanda farasi wa Hasdrubal, kamanda wa Karthago. Wanumidia, wapanda farasi wa Karthago kutoka Afrika Kaskazini, wawe chini. Katikati ni Wagalia vifua wazi na Wahispania wenye nguo fupi za kitani zenye pindo za zambarau, safu yao imebenuka kama hilali kuelekea kwa Warumi. Walibya wakae kwenye ncha zote mbili.

Kisha rudia ramani hiyohiyo katika fremu nne zenye ukubwa sawa. Kwanza hilali imebenuka mbele. Pili imenyooka. Tatu imebonyea ndani, Warumi wakijazana humo. Nne, Walibya wanageuka na kuwabana ubavuni, huku Hasdrubal, aliyekwisha kuwavunja wapanda farasi wa Roma, akiwapiga mgongoni. Fremu ya nne iwe peke yake kwenye ukurasa wa namba shufwa, ule unaojitokeza baada ya kufunua. Ukiiweka na zile tatu, jicho litaiona mapema na mtego utakuwa umefichuka.

Panapoharibika zaidi ni kwa Walibya: walivaa silaha za Kirumi zilizotekwa, na kwa wino mweusi hawatofautiki na adui. Watie Warumi wote kivuli cha kijivu, upande wa Karthago uache mweupe.

Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki, anataja askari wa miguu wa Roma wapatao 80,000. Usijaribu kuwachora. Watu kumi wa mbele wapate nyuso, nyuma yao kofia za chuma tu, mbali zaidi mistari ya mikuki na vumbi.

Hannibal usimpandishe kilimani. Alisimama katikati, pamoja na ndugu yake Mago, kwenye safu ileile iliyopangwa irudi nyuma, na ujasiri wake unaonekana hapo. Jicho lake moja lilikwisha kuharibika mwaka 217 KK; Nepos, mwandishi wa Kirumi, anasema la kulia, basi kila akitazama kulia lionekane. Tembo wasiwepo kabisa: waliovuka milima ya Alps naye walikuwa wamekwisha kufa karibu wote.

Maneno katika kila puto la usemi yasizidi 25. Ukipunguza A3 kuwa A4, kila kitu hubaki takriban asilimia 71, kwa hiyo herufi za milimita 3 zitashuka hadi 2 hivi. Chini ya hapo hazisomeki.