Umegongwa na dereva asiye na bima wala leseni? Komaa na gari, achana na dereva

Tuelewane kwanza, hapa naongelea Tanzania Bara na ajali zile za kila siku, boda kakuchana ubavu ukiwa kwenye foleni Mwenge, Noah imekuvaa kwa nyuma, au deiwaka (dereva wa kushikia kwa muda) aliyeachiwa daladala ageuze tu pale stendi kakubamiza na rivasi. Unashuka, unamuuliza leseni, anakwambia ipo nyumbani. Unamuuliza bima, anakwambia bosi ndo anajua. Hapo ujue siku imeshaharibika, ila hela yako bado haijapotea.

Watu wengi wanakomaa na dereva, kelele, kushikana mashati, mara wengine wananyang'anya simu yake eti dhamana (hii usijaribu kabisa, kibao kitageuka we ndo utaonekana mwizi). Dereva wa hivyo hana kitu, na namba aliyokupa jioni haipatikani. Chenye thamani pale ni gari na mtu ambaye jina lake lipo kwenye kadi. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura 169, inambana dereva anayeendesha bila bima na inambana pia mwenye gari aliyemruhusu. Kwenye leseni nako hivyo hivyo, Sheria ya Usalama Barabarani inamhusu na yule aliyempa usukani mtu asiye na leseni. Kwa hiyo yule bosi anayesema yuko safarini Morogoro ana sababu nzuri tu ya kupokea simu.

Simu yako ifanye kazi kabla ya mdomo

Kama kuna aliyeumia, huyo kwanza, mengine baadaye. Kama wote wazima, piga picha magari yakiwa vile vile yalivyo, hata wenye haraka nyuma yako wapige honi mpaka wachoke. Piga kwa mbali ionekane barabara na upande kila gari lilikotoka, alafu piga kwa karibu palipoumia. Piga namba za mbele NA za nyuma, maana kuna magari plate hazifanani, wala si utani. Piga stika ya bima kwenye kioo kama ipo, piga sura ya gari lote, na kama kadi ya gari ipo piga na hiyo. Dereva muombe leseni, akikataa kukuonyesha usilazimishe, trafiki akija atamuuliza yeye.

Angalia na rangi ya plate. Njano ni gari binafsi, nyeupe ni ya biashara. Gari la njano lililojaa abiria wa kulipa linaweza likawa na bima kabisa lakini ya matumizi binafsi, na kampuni ya bima ikigundua lilikuwa linapiga biashara inapata pa kuponea isilipe. Kwa hiyo kama lilikuwa na abiria, hilo nalo lipigie picha na uchukue namba ya abiria mmoja wawili, watu huwa wanakubali ukiwaomba kistaarabu.

Sasa hii ndo muhimu kuliko zote na watu wengi hawaijui: ingia tiramis.tira.go.tz hapo hapo barabarani. Huo ni mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, unaweka namba ya gari inakuonyesha kama lina bima, ni ya kampuni gani, imeanza lini inaisha lini. Stika ya kwenye kioo usiiamini, zipo feki na zipo zilizokufa zamani. Piga skrinishoti ya majibu, na hakikisha saa ya simu inaonekana. Kwanini saa? Kwa sababu siku hizi bima inakatwa kwa simu, mtu anaweza akakugonga saa nne asubuhi, saa tano wakala wake akamkatia bima akiwa kakaa pale pale kwenye kivuli, alafu anakuja anasema mbona ninayo. Skrinishoti yako inayoonyesha saa nne na dakika kumi hakuna bima inammaliza.

Trafiki aitwe, hata kama mnaongea vizuri

Namba ya polisi ya dharura ni 112, au kama kuna trafiki kwenye taa za jirani mtume mtu. Najua mtakavyoambiwa, "tumalizane sisi kwa sisi, trafiki atatupotezea muda tu". Anayesema hivyo mara nyingi ndo asiye na bima. Trafiki akija anapima, anachora mchoro wa eneo, gari linapelekwa kituoni na linakaguliwa na mkaguzi wa magari, na hapo sasa ndo ile nguvu unayoitafuta inapatikana, kwa sababu mwenye gari atakuja kulifuata gari lake hata kama dereva kaingia mitini. Huwezi kuamini jinsi mtu aliyekuwa Morogoro anavyofika Kijitonyama ndani ya nusu saa.

Kama kuna majeruhi, hata maumivu ya shingo tu ambayo unaona yatapita, chukua PF3 kituoni, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Ni bure. Hali ikiwa mbaya nenda hospitali kwanza, ndugu mmoja afuatilie fomu nyuma yako. Tunza kila karatasi ya hospitali na kila risiti, na risiti iwe ya EFD, ile ya mashine ya TRA, maana kile kikaratasi cha mkono mtu anaweza kukibishia.

Kabla hujaondoka kituoni jua jalada lako lina namba gani na limeshikwa na askari gani. Huko mbele utahitaji fomu zao za ajali, utazisikia zikiitwa PF90, PF93 na PF115, pamoja na ule mchoro. Kampuni ya bima, yako au yake, bila hizo hawakusikilizi.

Na kama mnamalizana kweli?

Sikatai, kuna ajali ya kumalizana. Taa ya nyuma imepasuka, rangi imechubuka, hakuna aliyeumia, mwenye gari mwenyewe yuko pale na hela anayo. Akulipe hapo hapo kwa simu au benki, muachane. Shida ni ile ya "nitakupa mwisho wa mwezi", hiyo bila maandishi ni zawadi umempa. Mwandikishane, tena kituoni mbele ya trafiki au ofisi ya serikali ya mtaa, na anayeandika awe mwenye gari siyo dereva wake. Iwe hivi kwa maneno ya kawaida: mimi fulani, mwenye kitambulisho cha NIDA namba hii, mwenye gari namba hii, nakubali gari langu limeharibu gari la fulani tarehe hii mahali hapa, nitamlipa shilingi kadhaa, nusu leo na nusu tarehe fulani. Sahihi, namba za simu, mashahidi wawili, kila mtu nakala yake.

Uzuri wake ni kwamba akizingua, mambo hayarudi kwenye nani alimgonga nani, limeshakuwa deni la makubaliano, na deni la hivyo unalipeleka Mahakama ya Mwanzo mwenyewe bila kulazimika kuweka wakili.

Kiasi usikitaje kwa kukisia. Pita gereji ukapate profoma (karatasi ya makadirio ya gharama) kwanza, maana bampa unaliona limekunjika kidogo kumbe ndani radieta imesogea. Na kama kuna aliyeumia usimalizane siku hiyo, mwili unaanza kuuma kesho yake.

Angalizo lingine, kama we una bima kubwa, ile inayotengeneza hata gari lako, usikubaliane chochote na mtu kabla hujaongea na kampuni yako. Wape taarifa siku hiyo hiyo. Wao wakikutengenezea gari wanapata haki ya kumdai aliyekugonga, sasa ukishamsamehe wewe kwa karatasi unakuwa umewafungia njia, wanaweza kukugomea. Utachangia ile eksesi (sehemu ya gharama unayolipa mwenyewe) na inauma, ila afadhali hiyo kuliko kukimbizana na mtu mwaka mzima. Mwenye bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, ajue ile inalipa uliyemgonga wewe, gari lako haliihusu hata kidogo.

Kesi ya trafiki usiiache ife

Dereva akipelekwa mahakamani akapigwa faini, ile faini inaenda serikalini, we hupati hata mia. Ndo maana watu wanakata tamaa hawaendi kutoa ushahidi. Nenda. Hukumu inayosema huyu alikuwa na kosa ndo karatasi utakayoitumia kumdai fidia, na kama gari lilikuwa na bima ya mtu wa tatu kampuni yake mara nyingi itaiomba hiyo hukumu. Madai ya fidia ya namna hii yana muda wa miaka 3 tangu ajali, unaona ni mingi mpaka uone jinsi jalada linavyozunguka. Mshtaki dereva pamoja na mwenye gari, hasa kama dereva alikuwa kazini kwake. Kampuni ya bima ikikuzungusha, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, unapeleka malalamiko huko kabla ya kufikiria mawakili.

Na upande wako

Ukikata bima kwa wakala, usiondoke mpaka umeiona gari yako kwenye TIRAMIS, jina na namba sawa, siyo kuonyeshwa PDF tu kwenye simu yake. Ukinunua gari la mkononi usitembelee bima ya aliyekuuzia. Na ukiuza, hamisha umiliki TRA mara moja, mkataba wa mauziano ulioko kwenye droo hautamzuia mtu aliyegongwa Mbagala kuja na jina lako.

Ukimwajiri dereva au ukimpa mtu boda ya mkataba, leseni uione yenyewe na usome daraja lake: A ni pikipiki, B ni gari binafsi, abiria wa biashara wana madaraja yao ya C. Mtu ana B safi kabisa anapewa Coaster, wanaita ana leseni. Angalia na tarehe ya kuisha, piga picha, na kwenye mkataba andika wazi kwamba haruhusiwi kumwachia mtu mwingine chombo, hata wa kugeuza tu stendi.