Tone Lisikaukie Kwenye Kioo: Namna ya Kukausha na Kung'arisha Glasi za Mvinyo Nyumbani

Anayeishi Nakuru akanunua glasi za mvinyo zilizo nyembamba hugundua upesi kwamba kuziosha ni kazi ndogo, na kwamba tabu yote imo katika kuzikausha. Glasi huoshwa ikatakata, ikapangwa kwenye kichanja pamoja na sahani na vikombe, kisha baada ya saa moja ikiinuliwa mbele ya dirisha huonekana imejaa vidoa vyeupe vya duara, kana kwamba mtu aliipitisha karibu na fundi anayepaka chokaa. Wapo wanaoilaumu sabuni na wapo wanaokilaumu kitambaa. Mimi nilimlaumu kwa muda mrefu muuzaji aliyeniuzia, nikiamini kwamba alinipa kioo hafifu kwa bei ya kioo kizuri. Sote tulikosea, kwa sababu mwenye lawama ni tone la maji lililoachwa likakauka lenyewe.

Tone likikauka, maji hupaa na kilichoyeyuka ndani yake hubaki pale pale lilipokuwa. Maji ya visima vya Bonde la Ufa hupita katika miamba ya volkano, na huko hubeba bikaboneti ya sodiamu, silika, yaani madini ya mchanga, na floridi, ambayo ndiyo inayoyatia meno ya wenyeji wengi wa huku rangi ya kahawia. Floridi si tatizo la glasi. Doa la chumvi za sodiamu nalo hutoka kwa maji safi tu, na doa la chokaa, mahali ambapo maji yana kalisi, hutoka kwa siki. Silika ndiyo sumbufu, kwa kuwa ikishakauka na kushika kioo, siki haiiyeyushi, na anayeendelea kusugua kwa nguvu humaliza kwa kuvunja glasi kabla doa halijatoka. Dawa yake ni kutoiruhusu ikauke.

Kabla ya kufuata maelekezo ya mtu yeyote, yakiwemo haya yangu, pima maji yako mwenyewe. Chukua kipande cha kioo cha dirisha kilicho safi, udondoshee tone moja la maji ya mfereji, tone moja la maji ya kisima ikiwa ndiyo mnayotumia, na tone moja la maji ya mvua, kisha uviache kivulini hadi asubuhi. Nilipofanya hivyo nyumbani, tone la kisima liliacha pete nyeupe yenye ukingo mnene, la mfereji likaacha pete nyembamba, na la mvua likaacha kivuli ambacho ni lazima uinamishe kioo ndipo ukione. Dada yangu anayekaa Kisumu, ambako maji ya mfereji hutoka ziwani, aliona madoa hafifu kuliko yangu, na ndiyo maana alikuwa akinicheka kila nilipolalamika. Tangu siku hiyo huweka ndoo yenye kifuniko ya maji ya mvua kwa kazi hii peke yake. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huachwa ioshe mabati na mifereji yake kwanza, kwa maana vumbi la Nakuru la Januari na Februari hutosha kuyageuza maji yote kuwa chai.

Kuosha kwenyewe kusikuchukue muda mrefu. Wageni wakiondoka, suuza kila glasi kwa maji matupu ili mvinyo usigandie chini, uijaze maji kidogo, kisha uende ukalale, kwa sababu glasi nyingi huvunjwa usiku na watu waliochoka. Asubuhi weka taulo chini ya beseni la plastiki, tia maji ya vuguvugu ambayo mkono unayavumilia bila shida, na matone mawili matatu ya sabuni ya maji. Osha glasi moja moja bila kuzilundika ndani ya beseni. Alama ya rangi ya midomo ifutwe kwanza kwa kidole chenye sabuni, kwani ni mafuta, na maji peke yake huipita juu juu. Usimwagie glasi baridi maji yanayochemka, maana upande wa ndani hutanuka kabla ya upande wa nje na kioo hupasuka. Mashine ya kuoshea vyombo, kwa walio nayo, ifae sahani. Sabuni yake kali huula uso wa kioo pole pole hadi ukawa na ukungu ambao hakuna kitambaa wala siki ya kuuondoa.

Msuuzo wa mwisho ndio wa maji ya mvua, nayo yawe ya vuguvugu vilevile. Joto hilo lina kazi yake: glasi yenye joto huyafukuza maji upesi na kitambaa huteleza juu yake, ilhali glasi baridi humng'ang'ania mwenye kufuta. Isimamishe kichwa chini juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwa dakika moja au mbili tu, ukiinua ukingo wake kidogo upande mmoja ili hewa ipite. Ukisubiri zaidi ya hapo, matone yaliyo karibu na mdomo yataanza kukauka, nawe utakuwa umerudi mahali ulipoanzia.

Kuhusu kitambaa, watu hubishana kuliko inavyostahili. Cha mikrofaiba ni kizuri, na kama unacho hakuna haja ya kutafuta kingine. Mimi hutumia kipande cha marikani cha marehemu shangazi, kilichofuliwa miaka mingi hadi kikaacha kudondosha nyuzi. Jina la kitambaa hicho limetokana na Marekani, ambako kilifumwa na kusafirishwa hadi pwani yetu katika karne ya 19, na sidhani kwamba wale mabaharia wa Salem, mji wa bandari wa huko Marekani, waliwahi kufikiri kingeishia kufutia glasi mjini Nakuru. Shuka kuukuu ya pamba hufanya kazi ileile. Leso mpya haifai, kwa kuwa ina wanga wa kiwandani na hupaka utando badala ya kuuondoa. Kitambaa chochote utakachochagua kiwe kikubwa, kisipungue urefu wa mkono mmoja, kifuliwe kando bila dawa ya kulainisha nguo, kwani dawa hiyo huacha mafuta ambayo huhamia kwenye kioo, na kikaukie mahali pasipo na moshi. Kitambaa kilichoanikwa karibu na jiko la makaa, au kilichowekwa droo moja na kile cha kufunikia omena, kitaipa glasi harufu ambayo mvinyo hautaificha.

Sasa njoo kwenye mikono, ambapo glasi nyingi hufia. Glasi ya mvinyo ina sehemu tatu, yaani tumbo, mguu na kitako, na mguu ndio dhaifu. Watu hushika kitako kwa mkono mmoja na kuzungusha tumbo kwa mkono wa pili, kama anayekamua nguo, na mguu hukatika katikati. Nililifanya kosa hilo kwa glasi ya pili kati ya sita nilizopewa kama zawadi ya arusi. Kipande cha mguu kikaingia katika kiganja changu, nikaenda kushonwa nyuzi tatu. Baadaye mama mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kuhudumu hotelini alinitazama nikifuta akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, glasi haikamuliwi. Unachokishika ndicho unachokifuta." Sijasikia maelekezo mafupi kuliko hayo wala yaliyo sahihi zaidi.

Maana yake ni hii. Tandaza kitambaa juu ya viganja vyote viwili, ili vidole visiguse kioo popote. Kwanza shika kitako chenyewe kati ya kidole gumba na vidole vingine, ukifute juu na chini, huku mkono wa pili ukilala chini ya tumbo bila kulibana. Panda kwenye mguu, uufute kwa kuvuta kuelekea juu, bila kuuzungusha. Kisha kiache kitako kabisa, kining'inie, na upakate tumbo kwenye kiganja cha kushoto kama unavyopakata yai. Ingiza ncha ya kitambaa ndani kwa kidole gumba cha kulia, vidole vingine vikibaki nje, na uache kiganja cha kushoto ndicho kiizungushe glasi yote, pamoja na mguu na kitako chake. Mdomo wa glasi huguswa mwisho na kwa wepesi. Kama glasi ni nyembamba mno na mkono hauingii, usiulazimishe. Zungushia kitambaa kwenye mpini wa mwiko, ukiacha kitambaa kizidi ncha, na mti usifike kwenye kioo.

Ikiwa glasi ilikauka kabla hujaifikia, au imekaa kabatini hadi ikapoteza mng'ao, mvuke utaifufua. Chemsha maji katika birika, na Nakuru ilivyo juu, takriban mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, yatachemka yakiwa karibu nyuzi 94 tu, nazo zinatosha. Shika glasi kwa kitambaa, iinamishe mbali kidogo juu ya mvuke hadi iwe na ukungu ndani na nje, kisha uifute mara moja. Mvuke una faida ambayo wengi hawaifikirii: chumvi zote zimebaki ndani ya birika, kwa hiyo maji yanayotua kwenye kioo ni safi hata kama yalitoka kisimani. Mkono usikaribie mdomo wa birika, kwa kuwa mvuke huunguza vibaya kuliko maji.

Doa la zamani lijaribiwe kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikipakwa kwa kitambaa na kuachwa dakika tano, kisha isuuzwe. Likikataa baada ya mara mbili, hilo ni silika au ni kioo kilicholiwa, na heri ulikubali. Glasi yenye mstari wa dhahabu isipakwe siki. Kristali ya zamani yenye madini ya risasi isilowekwe katika siki, maana asidi huyatoa madini hayo. Katika kanuni za Ulaya, kioo huitwa kristali ya risasi kikiwa na angalau asilimia 24 ya oksidi ya risasi, na ingawa kunywea kwa mlo mmoja si jambo la kutisha, kuhifadhia mvinyo humo kwa siku nyingi hakufai.

Wenye kupenda mvinyo wa mapovu watafarijika kusikia kwamba usafi wa kupita kiasi hauhitajiki. Mwanafizikia Gérard Liger-Belair wa Chuo Kikuu cha Reims, Ufaransa, alionyesha kwamba misururu mingi ya mapovu huanzia kwenye vinyuzi vidogo vya kitambaa au vumbi vilivyonasa hewa ndani yake. Kwa glasi hizo hufuta kwa marikani bila wasiwasi, na nyuzi mbili tatu zikibaki huziacha zifanye kazi yake. Anayepaswa kuogopwa hapo ni sabuni iliyobaki, kwa kuwa huyaua mapovu.

Glasi iliyong'aa ikaguliwe mbele ya taa, ukiizungusha kwa mguu, na kabatini isimame kwa kitako chake. Kuiweka kichwa chini hukinga vumbi lakini hufungia ndani hewa ya kabati, tena huuelemeza mdomo ambao ndio mwembamba kuliko sehemu zote. Ikiwa kabati lako halina mlango, tandaza kitambaa chepesi juu ya glasi zote. Na kabla ya kumimina, hata kama ulizifuta jana, inusie kila moja: ukisikia mbao, rangi ya kabati au boksi la karatasi, isuuze kwa kikombe cha maji ya mvua, uifute, kisha ndipo ufungue chupa.