Kumalizia kuta za nje bila kupiga plasta nyumba nzima

Mwezi uliopita nilikuwa Maseno kwa dada yangu, ambaye amejijengea nyumba ya matofali ya kuchoma. Fundi alikuwa ameshampigia hesabu ya plasta na rangi pande zote nne. Tulifuata njia hii badala yake.

1. Zunguka nyumba mvua ikinyesha. Ukuta wa jikoni ulikuwa umelowa hadi kwenye madirisha. Ule wa verandani mkavu kabisa. Pesa zako ziende panapolowa.

2. Gonga matofali. Yaliyoiva hulia kama chuma. Hayo yapige pointi tu, yaani jaza mistari iliyo kati ya tofali, simiti 1 kwa mchanga 3, yanapendeza miaka mingi. Yanayotoa unga ukikwaruza kwa kucha lazima yafunikwe. Hapo mimi huchagua plasta ya kurusha, ile yenye uso wa mikwaruzo: inaficha ukuta uliopinda na haidai rangi. Mawe ya kubandika simshauri mtu anayejenga kwa mshahara.

3. Mchanga na maji. Hapa tafadhali usiharakishe. Kwenye nyumba yangu plasta ilibanduka baada ya miezi mitatu. Nilipookota kipande, mgongo wake ulikuwa umejaa vumbi jekundu la tofali. Tofali kavu lilikuwa limeyanywa maji yote kabla simiti haijashika.

Anza na mchanga, hata ukiambiwa ni wa mto Nzoia au Yala. Tia kwenye chupa angavu ufike sentimita 10, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, acha saa tatu. Udongo utatulia juu ya mchanga. Ukizidi milimita 8, rudisha lori.

Mwagilia ukuta jioni, kisha tena asubuhi. Ngoja maji yanayong'aa yaishe juu ya tofali, la sivyo plasta itateleza. Halafu rusha uji mzito wa simiti 1 na mchanga 2, ukuta wote ubaki na vinundu vya kushikilia. Uache hadi kesho yake. Ndipo upige plasta, simiti 1 kwa mchanga 4 au 5, isizidi milimita 15 kwa mkupuo mmoja. Koroga kiasi kitakachoisha ndani ya saa moja. Ikianza kukauka kwenye karai, usikubali mtu aongeze maji, imwage.

Kisha mwagilia siku 7, asubuhi na jioni. Fundi akishalipwa huondoka, kwa hiyo kazi hii ni yako. Ukuta unaopigwa na jua la mchana tuliufunika kwa magunia yaliyoloweshwa, na dada aliamka mapema kila siku kuyalowesha tena.

4. Rangi. Kama ni lazima, ngoja wiki 4.

5. Futi mbili za chini. Matone hurusha matope hapo. Piga plasta laini hata kama juu umeacha tofali wazi, na sakafia ukanda wa futi mbili kuzunguka nyumba, uinamie nje.