Kubadilisha spoila ya nyuma (lile bawa la juu ya buti la gari) mwenyewe nyumbani
Spana namba 10 na bisibisi vinatosha kwa gari nyingi. Fungua buti, toa plastiki ya ndani taratibu maana vibanio vyake vinavunjika kirahisi sana, utaziona nati za spoila, zifungue. Kama ina taa ya breki chomoa soketi, usivute waya. Spoila ikigoma kutoka ujue ina gundi, ipashe na draya ya nywele kisha pitisha mshipi wa kuvulia samaki kati ya spoila na bodi ukate gundi, jamani usichokonoe na bisibisi, utakwangua rangi na kutu itaanzia hapohapo. Futa na spiriti, jaribisha mpya, zungushia silikoni kila tundu maji yasiingie, kaza nati zote kwa mkono kwanza ndio spana, ukizidisha plastiki inapasuka. Mtu akukanyagie breki ucheki taa.