Stempu za zamani zilizotumika: jinsi ya kuzitambua na kujua bei yake

Kama umeachiwa boksi la barua za zamani au umekuta albamu kwenye kabati, tulia kwanza, usishike mkasi wala maji. Wengi wanaanza kwa kukata stempu kwenye bahasha ili zikae vizuri na hapo ndo hela inapopotea, maana bahasha nzima yenye muhuri unaosomeka na tarehe mara nyingi inatafutwa kuliko stempu peke yake, hasa kama ilitoka posta ndogo ambayo ilishafungwa. Hizo ziweke pembeni kama zilivyo.

Kwa zile zilizolegea, anza na nchi. Soma jina ila ujue nchi nyingi zinajiandika kwa lugha yao, Helvetia ni Uswisi, Magyar ni Hungaria, Suomi ni Ufini, Sverige ni Uswidi, CCCP ni Umoja wa Kisovieti. Ukikuta haina jina la nchi na ina kichwa cha mfalme au malkia, karibu kila mara ni ya Uingereza, wao ndo walioanza na stempu za kubandika mwaka 1840 na mpaka leo hawaandiki jina. Majina yaliyokufa kama Ceylon na Gold Coast yanakusaidia kukadiria miaka.

Sasa uzee. Uzee peke yake hauleti bei, naomba hili lishike kabisa. Penny Black ndo stempu ya kwanza duniani lakini zilichapwa zaidi ya milioni 68 na nyingi bado zipo, kwa hiyo kinachotofautisha moja na nyingine ni hali. Hazikuwa na vitobo pembeni, karani alikata kwa mkasi, basi ile iliyobaki na ukingo mweupe pande zote nne inaacha mbali sana ile iliyokatwa mpaka ndani ya picha. Ila uhaba wa kweli unashinda hata hali, ile stempu ya senti 1 ya British Guiana (sasa Guyana) ya 1856 imetumika, imekatwa kona zote, na bado mwaka 2014 iliuzwa mnadani New York kwa karibu dola milioni 9.5 kwa sababu inajulikana moja tu.

Stempu mbili zinaweza kufanana kabisa kwa macho na moja ikawa ya bei ya juu na nyingine haina kitu, tofauti ikawa kwenye meno ya pembeni au alama ya maji, yaani mchoro hafifu uliomo ndani ya karatasi yenyewe. Meno yanapimwa kwa kuhesabu vitobo ndani ya sentimita 2, rula inatosha kuanzia. Alama ya maji iangalie kwa nyuma, ilaze kifudifudi juu ya kitu cheusi au iinue kwenye mwanga. Afu linganisha na katalogi, yaani vitabu vinavyoorodhesha stempu na bei zake, kama Stanley Gibbons, Scott, Michel au Yvert, na ukiwa hapo hapo nyuma tafuta sehemu iliyochunika karatasi, hilo ni doa kubwa hata kama mbele inang'aa.

Muhuri ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Muhuri mwepesi wenye jina la mji na tarehe unaongeza bei, ule mzito uliofunika picha unaishusha. Kuwa makini na stempu za thamani kubwa zilizoandikwa Postage & Revenue, yaani za posta na za kodi pia, nyingi zilibandikwa kwenye hati za serikali na kufutwa kwa kalamu, hizo bei yake ni ndogo sana na wapo wanaoosha wino halafu wanauza kama mpya. Na ukiona muhuri msafi umekaa kwenye kona moja tu na gundi bado ipo nyuma, hiyo posta iliigonga bila kusafirisha barua yoyote, usitegemee mengi.

Ikibidi kuzitoa kwenye vipande vya karatasi tumia maji ya vuguvugu, karatasi za rangi loweka peke yake, kausha kifudifudi, shika kwa kibano. Zile za kijani na zambarau za enzi za Malkia Victoria usiziloweke kabisa, wino wake ulitengenezwa makusudi uharibike ukioshwa.

Kuhusu bei, ile ya katalogi usiichukue kama ilivyo, kwa stempu za kawaida utapata sehemu ndogo tu yake na nyingi hazifiki hata hapo. Angalia kwenye eBay zile ambazo zimeshauzwa, siyo bei anayoomba muuzaji, na linganisha na zenye hali kama ya kwako. Ukihisi umeshika kitu kikubwa tafuta cheti cha mtaalamu kabla ya kuuza maana mihuri na maandishi yaliyoongezwa juu ya stempu baada ya kuchapwa yanaghushiwa sana, halafu uliza kamisheni ya mnada mapema, zile za kawaida uziuze kwa mkupuo.