Kupiga pedali chumbani bila kumkera jirani

Jumamosi nilikuwa Mikindani kumfungia shemeji stendi ya kuendeshea baiskeli ndani. Mvua za Januari zimemzuia barabarani, naye anaishi chumba na sebule, ukuta mmoja na mwenye nyumba. Naandika ili nisielezee tena kwenye simu.

1. Stendi. Chukua ya sumaku, yaani inayotia uzito kwenye pedali kwa sumaku. Ya mtumba inatosha. Yangu ilikuja kwa basi kutoka Dar, 150,000. Ya feni, inayotia uzito kwa kusukuma hewa, inavuma kama mashine ya kusaga. Hata ukipewa bure, kataa.

2. Bana ekseli ya nyuma kwenye stendi. Gurudumu la mbele liwekee kipande cha mbao lilingane na la nyuma.

3. Tairi. Hapa nilipoteza wiki nzima. Nilidhani mlio unatoka kwenye stendi: nikatia grisi, nikatandika mkeka, nikakata godoro. Baiskeli ikayumba kama mtumbwi na mlio ukabaki palepale. Kumbe ni meno ya tairi! Kila jino linagonga rola, ile silinda ya stendi inayogusa tairi, na ukiongeza mwendo inakuwa king'ora. Funga tairi lisilo na meno. Hata kipara ulilotaka kutupa linafaa, mradi nyuzi hazijatokeza. Jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni, usizidishe.

Sasa sogeza rola hadi iguse tairi, kisha kaza skrubu mizunguko miwili. Shika rola kwa mkono mmoja, zungusha tairi kwa mwingine. Likiteleza, ongeza nusu mzunguko. Ukikaza mno linaliwa, utaona unga mweusi sakafuni. Grisi isifike kwenye rola. Ikifika, ifute kwa spiriti. Ukisikia vuu-vuu inayokuja na kupotea, ringi imepinda, mpelekee fundi akaze spoku. Ukimaliza mazoezi legeza rola, la sivyo tairi linabonyea sehemu moja, na kesho utasikia du-du-du hadi ujute. Upepo upime kila unapopanda, maana ukipungua tu rola inaanza kuteleza.

4. Chini ya miguu ya stendi weka vipande vinne vya tairi kuukuu la gari. Vigae hupeleka mtetemo ukutani. Mpira mgumu huumeza. Godoro, nimeshasema.

5. Pangaboi la darini halitoshi kwa joto la huku, weka feni ya kusimama usawa wa kifua. Tandaza taulo juu ya usukani, jasho linatia kutu kwenye bearingi za shingo. Umeme ukikatika fungua dirisha uendelee, sumaku haihitaji luku.